Tochi mpya inapepesa, ina vumbi ndani ya kioo na haichaji: kipi urekebishe, kipi urudishe

Swali: Nimenunua tochi ya betri moja ya 21700, yenye swichi ya nyuma na tundu la chaji la USB-C kichwani. Tangu ilipofika inapepesa. Nikiigonga kiganjani inatulia, halafu inaanza tena. Ndani ya kioo kuna vumbi, LED haijakaa katikati, na mwanga una ukijani. Zaidi ya hapo, haichaji nikitumia chaja na kebo ya simu yangu. Muuzaji anasema nimtumie picha. Nifungue nirekebishe mwenyewe, niombe nyingine, au nidai pesa zangu?

Jibu: Umetaja kasoro tano, na hazina uzito mmoja. Kupepesa kunakotulia ukigonga ni dalili ya mguso uliolegea mahali fulani, na mara nyingi unaweza kukumaliza bila kufungua kichwa cha tochi. Vumbi na LED iliyokaa upande ni uzembe wa kufunga kiwandani. Ukijani na kugoma kuchaji huenda si tatizo la tochi yako peke yake, bali la toleo zima. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza muda: wanaomba wabadilishiwe, wanasubiri wiki kadhaa, kisha wanapokea tochi nyingine yenye kasoro ileile.

Kwa hiyo, kwa kila kasoro, jiulize kwanza: hii ni ya kipande hiki, au zote zimetengenezwa hivi? Kasoro ya kipande huisha ukipewa tochi nyingine. Kasoro ya muundo haiishi kwa kubadilishiwa. Hiyo unadai pesa au unaamua kuivumilia kwa punguzo. Majibu yote yaliyo hapa chini yanarudi kwenye mgawanyo huo.

Kabla hujagusa kitu

Piga video fupi, isiyozidi dakika moja, ikionyesha tochi ikipepesa huku mkono wako ukiwa haubonyezi swichi. Piga picha ya vumbi kwa karibu, picha ya LED ikiwa imezimwa ukiitazama kutoka mbele moja kwa moja, na picha ya mwanga kwenye ukuta mweupe kutoka umbali wa mita 1 hivi. Fanya haya leo, kabla ya kusafisha au kukaza chochote. Ukishakaza pete moja na kupepesa kukaisha kwa siku mbili, ushahidi umekwenda na siku za kurudisha bidhaa zinaendelea kuhesabika. Boksi na karatasi zake zote vitunze mpaka shauri liishe.

Kisha toa betri uikague, kwa sababu ndiyo sehemu ya tochi inayoweza kukudhuru zaidi. Kopo lote la betri ya lithiamu ya duara ni hasi, mpaka kwenye bega linalozunguka ncha ya chanya. Kinachotenganisha chanya na hasi pale juu ni pete nyembamba ya kuhami na ganda la plastiki tu. Ganda likichanika kwenye bega hilo, chuma chochote kinachogusa pande zote mbili kinaleta shoti. Kwa hiyo zungusha betri chini ya mwanga mzuri, utazame kingo zote mbili. Ukiona ganda limechanika, kopo limebonyea au kuvimba, kuna unyevu kwenye ncha, au ukasikia harufu tamu na kali kama ya kiyeyusha rangi, betri hiyo usiichaji wala usiirudishe kwenye tochi. Iweke nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, na umwambie muuzaji leo hii.

Soma pia maandishi yake. Betri ya kweli ya 21700 ina kipenyo cha milimita 21 na urefu wa 70, uzito wa gramu 70 hivi, na uwezo wa kawaida wa takriban mAh 5000 (miliampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa). Ikiwa imeandikwa 9000 au 10000, maandishi hayo ni uongo, na ukiipima kwenye mizani ya jikoni mara nyingi utaikuta nyepesi kupita kiasi. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kudai.

Ukiwa na multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, pima volti. Betri iliyotoka kiwandani huwa karibu na volti 3.5 hadi 3.8, na iliyojaa ni 4.2. Iliyo chini ya 2.5 imeshuka kupita kiasi, na haifai kulazimishwa kuchaji.

Jambo dogo la mwisho kabla hatujaingia kwenye kupepesa: tochi nyingi husafirishwa zikiwa na kikaratasi cha plastiki kati ya betri na kifuniko. Kuna watu hukivuta kikakatika, kipande kikabaki ndani. Chungulia mrija wote hadi mwisho.

Kupepesa

Fuata njia ya umeme kwa akili kabla ya kuifuata kwa mikono. Umeme unatoka chanya ya betri, unaingia kwenye springi au kitufe cha kichwani, unapita saketi na LED, unarudi kupitia mwili wa alumini hadi ukingo wa nyuma wa mrija, unaingia kwenye pete ya chuma iliyo ndani ya kifuniko cha nyuma, unapita swichi na springi, unamalizikia hasi ya betri. Kati ya sehemu hizo, viungo vingi havikuchomelewa kwa risasi. Ni chuma kinachobanwa na chuma. Kila mahali pa kubanwa panaweza kulegea au kuwa na uchafu.

Na ulegevu mdogo unatosha. Tochi ya 21700 kwenye mwanga wa juu inaweza kuvuta ampea 5. Kiungo chenye ukinzani wa oomu 0.1 tu kitakula volti 0.5, na wati 2.5 zitageuka joto palepale. Saketi inaona volti zimeshuka, inapunguza mwanga. Mguso unarudi, inaongeza. Wewe unaona kupepesa. Ndiyo maana tochi hizi hutulia kwenye mwanga mdogo na kusumbua kwenye mwanga mkubwa.

Sasa ichunguze kwa kuibughudhi sehemu moja moja. Washa mwanga wa kati, kisha:

– Itikise kufuata urefu wake, mbele na nyuma. Ikipepesa, betri inacheza: springi ni fupi, au betri ni fupi kuliko ile tochi iliyotengenezewa.

– Shika kichwa, zungusha kifuniko cha nyuma kidogo sana bila kukilegeza. Ikipepesa, tatizo liko kwenye meno ya skrubu au kwenye ukingo wa mrija.

– Sukuma kitufe cha swichi pembeni, kulia na kushoto, bila kukibonyeza. Ikipepesa, ni swichi au pete inayoibana.

– Kandamiza kichwa na mwili kama unayetaka kuvikunja. Ikipepesa hapo tu, saketi imelegea kichwani. Hiyo ni habari mbaya zaidi, nitaieleza.

Ikiwa haipepesi kwa lolote kati ya haya, ila kwenye mwanga mdogo macho yanahisi mtetemo wa haraka na kamera ya simu inaonyesha mistari inayotembea, basi hakuna kilicholegea. Saketi inapunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima LED mara nyingi kwa sekunde, na zote za toleo hilo ziko hivyo. Kwako sidhani kama ni hili, maana lingekuwa hili kugonga kusingesaidia.

Kugonga kukisaidia, anza na kifuniko cha nyuma. Kifungue, utazame ndani: pembeni mwa springi utaona pete ya shaba au alumini yenye mapengo mawili madogo yanayotazamana. Pete hiyo hufanya kazi mbili. Inashikilia swichi isichomoke, na ndiyo inayopeleka umeme kutoka kwenye mwili hadi kwenye ubao wa swichi. Kwenye tochi mpya zinazopepesa, hapa ndipo mahali pa kwanza pa kutilia shaka, kwa sababu kiwandani huzungushwa harakaharaka na mitetemo ya safari huimalizia. Ingiza ncha za kibanio imara, au koleo la ncha nyembamba, kwenye mapengo yale mawili, ujaribu kuizungusha kufuata saa. Ikizunguka kwa urahisi, umepata mwizi. Kaza mpaka ikatae, kisha ongeza kidogo tu. Usikaze kwa nguvu za bega, kwani ubao wa swichi ni mwembamba na plastiki ya swichi hupasuka. Ikiwa pete haisogei kabisa hata kwa nguvu ya kawaida, jaribu upande wa pili kwa upole, kwani chache huwa na meno ya kinyume.

Ukiwa hapo, safisha. Chukua kijiti cha pamba kilicholowekwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, upanguse ukingo wa nyuma wa mrija, uso wa pete, ncha ya springi na ncha zote mbili za betri. Pamba ikitoka na weusi usishangae. Ni unga wa alumini uliochanganyika na grisi ya kiwandani. Meno ya skrubu yafute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha yapake grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele kwa mzunguko mzima. Ukingo wenyewe unaogusana na pete usipakwe grisi. Uache mkavu, unang'aa.

Tazama vizuri huo ukingo. Alumini ya tochi hufunikwa ganda gumu la oksidi lenye rangi, na ganda hilo halipitishi umeme. Ukingo wa nyuma unatakiwa uwe umechongwa mpaka alumini tupu ionekane, yenye weupe wa fedha duara zima. Ukiona weusi umebaki nusu ya duara, tochi ilipita mkaguzi bila kukaguliwa. Msasa laini wa namba 600 uliowekwa juu ya kioo au kigae bapa unaondoa ganda hilo kwa mizunguko michache, mrija ukiwa umesimama wima na mtupu, bila betri. Lakini alama za msasa hazifichiki. Fanya hivi ikiwa tu umeamua tochi inabaki kwako.

Bado inapepesa? Ondoa kifuniko cha nyuma kabisa, betri ikiwa ndani. Chukua kipande cha waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 au zaidi, gusisha ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ukingo mtupu wa mrija. Umeme sasa unapita bila kifuniko. Hakikisha tu kwamba betri imeingia kwa upande sahihi, yaani hasi ndiyo inayoonekana, na usiache waya ukagusa kitu kingine. Tochi ikiwaka na kutulia, kosa liko kwenye kifuniko cha nyuma, na kichwa ni kizima. Ikiwaka kwa nguvu zaidi kuliko ikiwa na kifuniko, jibu ni hilohilo. Ikiendelea kupepesa hata hivi, kosa liko kichwani au kwenye betri. Kuna tochi chache zenye mrija mwembamba wa pili ndani ya mrija. Hizo hupitisha amri za swichi kwenye mrija wa ndani, na jaribio hili halizifai.

Jaribio hili la waya ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu muuzaji hana la kubisha. Video ya sekunde 20 ya tochi inayotulia kwa waya na kupepesa kwa kifuniko inamwonyesha kwamba unachohitaji ni kifuniko kipya cha nyuma tu. Wauzaji wengi hukituma haraka kuliko tochi nzima, maana hakina betri na posta haileti matata.

Kwa springi fupi, ivute kidogo kwa kibanio, milimita 2 au 3, ikiwa imelala upande. Usiivute ikawa ndefu kiasi cha kulazimisha betri ibanwe. Watu wengine huweka sumaku ndogo kwenye ncha ya betri ili kuirefusha. Usifanye hivyo. Sumaku ikiteleza kutoka chanya hadi kwenye bega la kopo, inakuwa ndicho kile chuma cha shoti nilichokieleza mwanzo.

Na ile habari mbaya: saketi iliyolegea kichwani. Katika tochi nyingi hukandamizwa mahali pake au hushikwa na pete nyingine yenye mapengo mawili, inayoonekana ukichungulia kichwa kutoka nyuma baada ya kukitenganisha na mrija. Pete ikionekana na ikizunguka, ikaze kama ile ya nyuma. Kama saketi imekandamizwa au kichwa kimegundishwa kwa gundi, usikipashe moto wala kukiminya kwa koleo. Hiyo ni kasoro ya kipande, ni ya umeme, na muuzaji anatakiwa aibebe yeye. Irudishe.

Vumbi na LED iliyokaa upande

Vumbi kidogo halipunguzi mwanga kwa kiwango ambacho jicho litaona. Linaudhi, na una haki ya kulilalamikia, lakini kwa vumbi peke yake ningeomba punguzo, nisingerudisha tochi.

Ukiamua kuliondoa, jaribu kwanza kama pete ya mbele inafunguka kwa mkono uliovaa glavu ya mpira. Ikikataa, imegundishwa, acha. Ikifunguka, fanya kazi mahali pasipo na upepo, na kama kuna anayefagia, subiri amalize. Toa kioo na mpira wake, ukumbuke ulikaa upande gani. Kiakisi, lile bakuli linalong'aa, usikiguse kwa kidole wala kwa kitambaa laini namna gani. Ule mng'ao ni tabaka jembamba mno la alumini, na pamba tu hulikwaruza, alama ikabaki milele. Tumia pampu ya mpira ya kupulizia lenzi. Kupuliza kwa mdomo kunapeleka mate, na matone yakikauka yanaacha doa baya kuliko vumbi. Utando laini ulio juu ya LED nao usiguswe, unapokea uchafu na kuchubuka kirahisi.

Kuhusu LED, tazama ukuta na si kioo. Macho yakichungulia kwenye kiakisi huona hata kosa dogo mno, kwa kuwa kiakisi hulikuza. Elekeza mwanga ukutani kutoka mita 2: kiini cha mwanga kikiwa duara na kimekaa katikati ya duara kubwa, hakuna la kurekebisha. Kiini kikiwa kimevutwa upande kama yai, au kuna kivuli upande mmoja, pete ya plastiki inayoshika LED katikati ya tundu la kiakisi imekaa vibaya au imevunjika.

Mara nyingine hutulia kwa njia rahisi. Washa mwanga wa chini kabisa, legeza pete ya mbele nusu mzunguko, gongagonga kichwa kwa kidole ukitazama ukuta, kisha kaza taratibu kiini kikiwa katikati. Lakini kuna tahadhari moja ya kweli hapa. Pete ile ya plastiki haiweki tu LED katikati; pia inazuia kiakisi cha chuma kisiguse risasi iliyo kando ya LED. Ukiiona haipo au imekatika, usikaze pete ya mbele na usiwashe tena. Kiakisi kikigusa pande zote mbili za LED ni shoti, na saketi inaweza kuungua papo hapo. Tochi isiyo na pete hiyo inarudi kwa muuzaji bila mjadala.

Ukijani

Hapa nitasema wazi hata kama hutapenda: mara nyingi hii si kasoro ambayo muuzaji atakubali. LED hutoka kiwandani zikitofautiana rangi kidogo, zikapangwa kwa makundi, na kundi moja bado lina zenye ukijani na zenye uwaridi. Nyingi zinazouzwa kwa sifa ya kutoa mwanga mwingi huwa na ukijani kwenye mwanga mdogo, na ukijani hupungua ukiongeza nguvu. Jaribu mwanga wa juu juu ya karatasi nyeupe, kisha jaribu nje usiku bila taa nyingine kando. Jicho hujizoesha ndani ya dakika chache, na ukijani uliokuwa ukiuona karibu na taa ya nyumbani hutoweka. Usipotoweka, ukiomba nyingine ya toleo hilohilo huenda ukapata ileile. Dai lako lina nguvu pale tu tangazo lilipoahidi aina fulani ya LED au mwanga wa rangi halisi, na ulichopokea si hicho.

Kugoma kuchaji

Kaza kifuniko cha nyuma mpaka mwisho, bonyeza swichi iwe imewashwa, kisha chomeka. Katika baadhi ya tochi zenye swichi ya nyuma na tundu la chaji kichwani, umeme wa chaji hupita swichi hiyohiyo kwenda kwenye betri. Swichi ikiwa imezimwa, njia imekatika. Na kama pete yako ya nyuma imelegea, chaji nayo itakatika, kwa hiyo huenda kasoro zako mbili ni moja. Pia kunja kifuniko cha mpira cha tundu mpaka nyuma kabisa, kwani kwenye tochi zingine huzuia plagi isiingie mpaka mwisho.

Kisha badilisha kebo. Chaja mpya za simu hutumia kebo yenye plagi ya USB-C pande zote mbili, na chaja ya namna hiyo haitoi volti 5 mpaka itambue resista (kijisehemu cha ukinzani) ya kiloomu 5.1 ndani ya kifaa. Kifaa kinatakiwa kiwe nazo mbili, moja kwa kila namna ya kuchomeka plagi. Watengenezaji wa tochi za bei ya chini huziacha ili kuokoa gharama. Chaja ya zamani yenye tundu pana la mstatili haiulizi kitu, inatoa volti 5 muda wote.

Basi jaribu mara tatu. Kwa kebo ya mstatili kwenda USB-C: ikichaji, saketi ya chaji ni nzima. Kwa kebo ya USB-C pande zote mbili: ikikataa namna zote, resista hazipo, ndivyo toleo zima lilivyo, na kubadilishiwa hakutasaidia. Lakini ikikubali plagi ikiwa namna moja na kukataa ukiigeuza, resista moja imechomelewa vibaya, na hiyo ni kasoro ya tochi yako peke yake. Ikikataa kebo zote, pete ya nyuma ikiwa imekazwa na swichi imewashwa, saketi ya chaji imekufa.

Ikianza kuchaji, ile mara ya kwanza usiiache peke yake. Iweke juu ya kigae au saruji. Betri ya mAh 5000 kwa chaji ya ampea 1 huchukua saa 5 hadi 6, kwa ampea 2 karibu saa 3. Joto la uvuguvugu ni la kawaida. Joto linalokufanya uondoe mkono si la kawaida, chomoa. Taa ya chaji ikigeuka kijani, toa betri upime: volti 4.1 hadi 4.2 ni sawa. Ikizidi 4.25, chaji hiyo haijui kukoma. Usiitumie tena hata siku moja, na hii ni sababu ya kudai pesa zote.

Mawili ya kupima kabla siku za kurudisha hazijaisha

La kwanza ni maji, kama tangazo lilisema IPX7, yaani kuzama mita 1 kwa dakika 30. Usitumie betri. Kunja tishu kavu uijaze kwenye mrija mahali pa betri, funga kifuniko, zamisha kwenye ndoo dakika 30, futa nje mpaka pakauke, ufungue. Tishu ikiwa na unyevu, tazama mpira wa duara kwenye meno ya skrubu kama umekatwa, umekunjika au haupo. Ukungu ndani ya kioo baada ya jaribio maana yake maji yamepita mbele. Kama iliandikwa IPX4, hiyo ni ya kustahimili maji ya kurushiwa tu; usiizamishe.

La pili ni betri kuisha tochi ikiwa imezimwa. Toa kifuniko cha nyuma, weka multimita kwenye kipimo cha ampea 10, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ukingo. Kwa swichi ya nyuma inayokata umeme kabisa, kama yako inavyoonekana, kipimo hiki kitaiwasha tochi, kwa hiyo hukihitaji: zima tu, iache siku tatu, upime volti kabla na baada. Zisipobadilika, salama. Kwa msomaji mwenye swichi ya pembeni, soma kwanza kwa ampea 10, kisha shuka kwenye miliampea bila kubonyeza swichi, la sivyo fyuzi ya multimita itakatika. Miliampea 0.05 ingechukua zaidi ya miaka 11 kumaliza mAh 5000. Miliampea 5 inaimaliza ndani ya siku 42 hivi, na hiyo ni kasoro.

Mwanga kushuka baada ya dakika chache kwenye nguvu ya juu usiuhesabu kati ya kasoro. Tochi inajikinga na joto. Kipimo cha FL 1 kinachotumiwa na watengenezaji husoma lumeni kati ya sekunde 30 na 120 baada ya kuwasha, na muda wa kudumu huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10. Namba za kwenye boksi hazikuahidi kwamba mwanga wa dakika ya kwanza utakaa saa nzima.

Sasa uamuzi wako

Kwa ulivyoeleza, fanya hivi: kaza pete ya nyuma, safisha, jaribu waya, jaribu kebo ya mstatili. Kupepesa kukiisha na tochi ikichaji, omba punguzo kwa ajili ya vumbi na LED, ubaki nayo. Waya ukionyesha kifuniko ndicho kibovu, omba kifuniko. Kosa likiwa kichwani, pete ya LED ikiwa haipo, au chaji ikizidisha volti, usiguse tena. Dai pesa zako, na tochi nyingine uikubali tu kama kosa ni la kipande.

Picha peke yake hazitoshi, kwa sababu kupepesa hakuonekani kwenye picha. Mwandikie muuzaji kwa ufupi: "Oda namba …, nimepokea tarehe …. Tochi inapepesa kwenye mwanga wa kati na wa juu. Nimesafisha viungo na kukaza pete ya kifuniko cha nyuma, haikusaidia. Nikiruka kifuniko kwa waya inatulia, tazama video ya pili. Naomba kifuniko kipya cha nyuma au nirudishiwe pesa." Kasoro moja kwa sentensi moja, ulichojaribu, unachotaka. Usichanganye ukijani kwenye ujumbe huo, maana atajibu la ukijani na kuliacha la kupepesa.

Akikutaka urudishe tochi, uliza kwanza kama betri irudi pia, na nani analipa usafiri. Betri za lithiamu zina masharti yake kwenye mizigo ya ndege, na iliyovimba, iliyobonyea au yenye hitilafu hairuhusiwi kabisa kupakiwa. Hiyo mpigie picha ikiwa juu ya saruji, ncha zake zimezibwa kwa utepe wa kuhami, umwambie kwa maandishi kwamba hutaiposti, kisha uipeleke mahali panapopokea betri chakavu.